Bashi ya Matanga na Maji ya Kijani

Siku mambo iliharibika ni jumatatu, tarehe kumi na tatu mwezi wa tatu, mwaka 2023, saa tatu ya asubui. Muzee Katsuva, shefu wa avenue, njia yetu hapa mutaa wa Bigo, aliingia mu depo, gala yetu ya kulimia, na kofia mukononi. Jirani yake alikuwa amekufa, na mvua ilikuwa inakuja.

"Baba Aimé," akasema, "unitolee ile bashi nyeusi. Watu ya matanga watalowa."

Ile bashi, turubai ya plastiki, ilikuwa inafunika citerne, tangi ya maji yetu. Mu ile depo tunalima salade na lenga-lenga, ni kusema mchicha, bila udongo: miche inakaa mu tuyo, mabomba yenye matundu, mizizi inakunywa maji yenye mbolea, pompe inayazungusha, taa iko juu. Fabrice, agronome, mutaalamu wa kilimo wa proje yenye ilifungua hii depo, alitukataza kugusa bashi. Lakini alisema kwa Kifaransa, haraka-haraka, bila kueleza sababu. Na siye huku, bashi ya matanga hainyimwe. Nilipofiwa na muke wangu Domitille, majirani walinipa hata mikeka yao ya kulalia. Serikali haikunipa hata kamba. Nikaitoa.

Matanga ikachukua siku saba, maana ndugu za marehemu walingoja barabara ya Gety, kwao, ifunguliwe. Wakubwa wanasema kuna amani. Basi ile barabara inafungwa na nini, na mbuzi?

Bashi iliporudi, maji ilikuwa kijani kama sombe, majani ya muhogo. Utelezi ulishika ukuta ya citerne, ukaingia mu tuyo, ukavaa mizizi kama kamasi. Pompe ilikuwa inakohoa. Salade zilikuwa zimeinamisha vichwa.

Fabrice akashika kichwa yake. "Muzee, weye ulifanya nini? Ijumaa wakubwa ya proje wanatoka Kinshasa. Wakikuta hivi, wanafunga depo."

Wakifunga, mimi naenda wapi? Kule kwetu Djugu vita iligeuza nyumba yangu majivu. Mu depo ndimo ninalala, nyuma ya mifuko ya mbolea.

"Kama ungeniambia sababu," nikamujibu, "ningemupa Katsuva shuka yangu."

Fabrice akaeleza, safari hii kwa Kiswahili: mwangaza ndio unalisha ule ukijani. Maji yenye mbolea yakiona taa, ukijani unakula mbolea kabla ya salade.

"Basi tuuzimie taa!" akasema Mama Rébecca, mwenzangu wa kazi, muke mwenye mudomo.

Tukamwaga maji yote. Rébecca akaingia mu citerne na brosi na javel kidogo, dawa ya kuua vidudu. "Baba Aimé, sugua! Ao unangojea ministre aje akusaidie?" Tukasuuza mara tatu. Mizizi niliiosha moja moja kwa maji safi, polepole, kama kuosha mutoto muchanga. Zenye zilioza tukazitupa. Tukajaza maji mapya na mbolea, tukafunga bashi mara mbili, tukaziba matundu ya tuyo na plastiki nyeusi, tukapaka dirisha matope. Fabrice akapunguza saa za taa, yeye mwenyewe, bila kuomba ruhusa Kinshasa. Hapo nikaanza kumupenda kidogo.

Alhamisi asubui nikafunua kona ya bashi. Niliona mpaka chini ya citerne. Mizizi mipya ilikuwa inatoka, myeupe kabisa, na salade zimesimama. Nikakaa juu ya bidon ya maji, nikacheka peke yangu. Tangu Domitille aende, sikumbuki kama nilicheka hivyo.

Ijumaa wakubwa wakafika, wawili, viatu vinang'aa. Wakapiga picha. Kila mumoja akatafuna jani moja, akapanguza mudomo.

"Ni vizuri," mumoja akasema. "Tutaandika raporo, itapanda kwa wakubwa zetu. Wao ndio watasema kama depo inaendelea."

Wakapanda jeep, wakaenda. Siye tukakata salade tatu kubwa, tukatia chumvi na ndimu, tukakula tumesimama. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Mama Rébecca akamugeukia Fabrice, mudomo ungali umejaa:

"Agronome, kule juu kwenye raporo inapanda, kuna mutu anakula salade?"