Kadi Iliyotoroka

Hakuna mtu alimtuma Levis aguse ile kamba. Tuanzie hapo, ndio asije akatafuta mwingine wa kulaumu.

Kamba yenyewe ilikuwa ya kuanika nguo, nailoni ya bluu, na Mwalimu Milcah alikuwa ameifunga kutoka dirisha moja mpaka lingine kwa darasa la Gredi ya Tano, shule fulani huko Ndabibi, kule vumbi inaingia mpaka kwa chai. Kwa kamba hiyo alibana kadi za katoni na vibanio vya nguo. Kila kadi jambo moja, katikati mishale. Kama ni sayansi, kamba inaonyesha mbegu vile inakuwa mahindi. Kama ni insha, inaonyesha hadithi imeanza wapi, shida ikaingia wapi, ikaisha aje. Kama ni historia, watu walitoka wapi na nini iliwatoa. Kamba ni ile ile. Halafu kulikuwa na mchezo. Milcah anaficha kadi moja nyuma ya mgongo, anauliza, "Gani imetoroka?" Watoto wanatembeza macho kadi kwa kadi mpaka waone pengo.

Sheria ilikuwa moja. Anayesoma kamba anagusa kila kadi, na akikwama, hakuna kumsaidia kumalizia neno. Mnangoja.

Hiyo sheria Milcah aliitunga juu ya Fancy. Huyu msichana maneno yalikuwa yanamkwama kooni tangu akiwa mdogo, na alikuwa ameshaamua heri kunyamaza kuliko kuchekwa. Lakini mkono ukiwa kwa kadi, mdomo ulifuata. Polepole, kadi hii, kadi ile, mpaka mwisho wa kamba. Siku ya kwanza alipofika mwisho, Milcah alitoka nje akajifanya anapenga kamasi.

Levis naye alikuwa mwalimu wa kuandikwa na bodi ya shule, sio na serikali. Chuo aliachia mwaka wa tatu, na ukimuuliza digrii iko wapi, anakuambia iko gereji. Stafrum, kile chumba cha walimu, bila yeye ingekuwa matanga. Ndiye aliweka chumvi kwa bakuli ya sukari. Ndiye alimwambia Mwalimu Njuguna anaitwa kwa ofisi haraka, Njuguna akafunga tai, akajipangusa viatu, akaenda kugonga mlango wa hedimasta ambaye siku hiyo alikuwa Nakuru kwa mkutano. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Hata Milcah.

Sasa ikafika siku ya wazazi kuingia madarasani. Asubuhi Fancy alikuwa zamu, akabana kadi vizuri: KUKAMUA, KUCHUJA, KUCHEMSHA, KUPOZA, KUNYWA. Safari ya maziwa. Akaenda paredi na darasa lote. Levis akapita na kikombe chake mkononi, akaona darasa tupu, akaona kamba. Vidole vikamwasha. Akatoa KUNYWA akaiweka mwanzo, KUKAMUA akaipeleka mwisho. Alijua Milcah ndiye atasoma, atashtuka, atamtafuta kwa macho, "Wewe Levis wewe!" Wazazi watacheka, basi, watu warudi kwa chai.

Hakujua leo msomaji ni Fancy.

Wazazi walijaza nyuma ya darasa. Mama Fancy, Chepkorir, ndiye aliuzia shule maziwa ya chai, kwa hivyo alikuja na mkebe wake, akauweka chini, akajifunga leso vizuri. Alikuwa ameambiwa leo atasikia mtoto wake akiongea mbele ya watu. Levis alisimama mlangoni. Akaona ni Fancy anaenda mbele. Bado angeweza kusema ngojeni. Hakusema.

Fancy hakuangalia kamba yote. Aliangalia kadi iliyokuwa chini ya mkono wake, kama vile alifundishwa.

"K-kwanza," akasema, "tunakunywa maziwa."

Mzazi mmoja akakohoa.

"Halafu tunachuja. Halafu tuna... tunachemsha." Alikuwa anaongea vizuri kuliko siku zote. "Tunapoza. Mwisho, tunaenda k-kukamua ng'ombe."

Darasa likapasuka. "Ng'ombe gani hiyo inakamuliwa na mtu ameshiba!" baba mmoja akapiga kelele. Chepkorir alificha uso kwa leso, akicheka ile kicheko ya aibu. "Na huyu ananisaidia kukamua kila asubuhi, jamani! Fancy, kwani unaota?"

Milcah akageuka kuangalia kamba. Uso wake ukabadilika. "Nani ameshika hizi kadi?"

Levis alikuwa na jibu tayari, liko hapo kwa ulimi. Lakini kulikuwa na wazazi, kulikuwa na hedimasta, kulikuwa na kazi ya bodi ambayo mtu anaweza kuambiwa kesho usije.

"Fancy ndiye alikuwa zamu," kijana wa dawati la mbele akasema.

Fancy akaangalia mikono yake, kama zimemfanyia kitu. "Ni mimi, tichee. Ni-nilipanga vibaya."

Levis akainua kikombe, akanywa chai ambayo ilikuwa imeisha.

Baada ya hapo Fancy hakuisogelea ile kamba. Akiitwa anatingisha kichwa. Kwa stafrum Levis alipoingia, Njuguna alimuuliza, "Na wewe, mbona siku hizi uko tu kama mtu wa kanisa?" Alijaribu kucheka, ikatoka kama kikohozi. Kila akifumba macho alikuwa anaona yule mtoto akiangalia mikono yake.

Mwishowe akamfuata Milcah kwa veranda.

"Madam, ile kamba. Ni mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Levis, hii shule nzima ni nani mwingine anaweza kunywesha watu maziwa kabla ng'ombe akamuliwe?" Hakuwa anacheka. "Nilikuwa nakungoja. Nikasema acha nione kama huyu ni mtu mzima."

"Nisamehe, madam."

"Mimi? Mimi sikuchekwa. Mwenyewe unamjua. Na uende mahali alichekewa, sio kumnong'onezea kwa kona."

Asubuhi iliyofuata Levis aliingia Gredi ya Tano na kadi zake. Alimwomba Chepkorir, aliyekuwa analeta maziwa, asimame mlangoni kidogo. Akabana kadi moja moja kwa kamba. MWALIMU LEVIS ALIBADILISHA KADI. FANCY ALISOMA VILE ZILIKUWA. WATU WALICHEKA. FANCY ALISEMA NI YEYE. FANCY ALIACHA KUONGEA.

Watoto walisoma kimya. Hapo mlangoni, Chepkorir aliweka mkebe chini polepole. "Mwalimu," akasema, "mimi nilimcheka mtoto wangu juu yako?"

"Ndio, mama."

Chepkorir akaacha kumwangalia, akaangalia mtoto wake.

Levis akamgeukia Fancy. "Hakukuwa na kosa lako hata moja. Nataka kila mtu hapa ajue."

Alifikiri hapo imeisha. Kumbe Fancy alikuwa ameinuka. Alikuja mpaka mbele, akagusa kadi ya kwanza, ya pili, akaenda hivyo hivyo, na kati ya ile ya nne na ya tano, mkono ukasimama hewani.

"Hapa," akasema, "k-kuna moja imetoroka."

Alichukua katoni tupu mezani, akaandika akiwa ameinama, akaibana kwenye pengo. MWALIMU LEVIS ALINYAMAZA.

Akarudi kukaa.

"Haya," Milcah akasema kutoka nyuma. "Kamba ya leo ni ya nani?"

"Ya Mwalimu Levis!" darasa likajibu.

"Basi asome."

Levis akaenda mwanzo wa kamba. Akagusa, akasoma. Akagusa, akasoma. Alipofika kwa ile katoni yenye mwandiko wa mtoto, aliigusa, akafungua mdomo, neno likakwama. "Mwalimu Levis a..." Akaigusa tena. "Ali..."

Kijana wa mbele alitaka kumsaidia. Fancy akamwekea kidole kwa midomo.

Wakangoja.