Uwanja Ambao Bado Haujajengwa

Nimeswali adhuhuri, nimebaki juu ya msala na tasbihi mkononi, na kichwa kinaelemea ukutani. Leo ni siku ya tisini na mbili ya eda yangu. Uani, jirani yangu Mwanakheri anapepeta mchele huku anabishana na kaka yake Shekue juu ya uwanja wa michezo ulio ng'ambo ya barabara, maana wanasema utapanuliwa hadi kwenye mikorosho. Shekue anasema italetwa treni ya kupindua watu miguu juu, na viti vya kuporomoka kutoka mlima wa maji, na gurudumu refu hata aliye juu anaiona Pemba. Mwanakheri anamuuliza, mtu atoe hela yake akatapike, si bora ale maharage yaliyochacha nyumbani? Nataka kuwauliza kama bembea ya marehemu mume wangu itabaki, ile ya mbao yenye vikapu vya kuzunguka, aliyokuwa akiisukuma kwa mikono kila sikukuu, lakini ulimi umekuwa mzito, na sauti ya mchele kwenye ungo inageuka vishindo vya miguu ya watu, na mimi nimo katikati yao, napita langoni.

Napita na moyo unanisuta, maana aliye edani hatoki. Langoni amesimama mkata tiketi, kofia anayo, kanzu anayo, uso hana, pale pa uso ni laini kama sahani. Namwambia, mwanangu, mimi nimo edani, nimefikaje hapa? Ananijibu, aliyelala hajatoka, bibi. Namuuliza huu ni uwanja gani. Anasema, ni ule wanaousema. Na kweli naona yote aliyoyataja Shekue yapo, na yanabadilika kwa kadiri wanavyobishana huko walipo: treni ina reli moja, mara ina tatu, mara haina kabisa, na abiria wake wananing'inia vichwa chini, wametulia kama popo. Gurudumu linarefuka nikilitazama. Mkata tiketi ananifuata hatua kwa hatua, wala simsikii akikanyaga.

Ninamtafuta mume wangu, Mbaruku, kwa sababu nina neno lake. Siku ya mwisho alinishika mkono akaniambia, niwie radhi, mke wangu. Kwetu hata mtoto anajua neno hilo linajibiwaje. Mimi nikanyamaza. Nilijiambia, nikimpa radhi hatakuwa na kinachomzuia, ataondoka, nikiishikilia, atangoja. Nikaishikilia. Akaondoka vilevile, macho yakiwa kwangu. Na walipokuja wanawake kuniuliza kabla ya mazishi kama nimemwia radhi, nikatikisa kichwa tu, nao wakaona imetosha. Hakunikosea kitu mtu huyu, miaka thelathini na minne, ila kukoroma.

Njia inajikunja, inaniingiza kwenye nyumba ya vioo, na ndani ya kila kioo mna mtaa wetu, baraza ileile, na barazani amekaa mjane mwenye sura yangu, anapima mchele wa mtu mmoja. Nawatolea salamu. Midomo yao yote inafunguka pamoja na wangu, kisha inafungwa, na hakuna aliyeitikia. Natembea, mtaa unaisha, unaanza tena, ni uleule. Nachoka. Namuuliza mkata tiketi, bembea ya mbao iko wapi? Anasema, iko mbele ya vyote vipya. Nasema, mbele ipi, nami nimetembea mpaka nyayo zinawaka? Anasema, ile uliyoiacha nyuma. Nageuka, na vioo havipo tena, bembea ndiyo hiyo, na mimi nimekwisha kukaa kwenye kikapu chake.

Viganja viwili vinanigusa mgongoni. Kile cha kulia kina sugu mbili, nazijua. Nageuka nimwone, kikapu kinageuka nami, yeye yuko nyuma daima. Ananisukuma polepole, kama anavyowasukuma watoto waoga. Anasema, umekawia. Nasema, nilikuwa edani. Anacheka kile kicheko chake cha puani. Ananiuliza kama ni kweli mashine zinakuja, namwambia wanasema. Tunapanda, tunashuka, na chini yetu uwanja umeenea hadi usipoonekana mwisho, umejaa vitu vinavyokwenda vyenyewe. Kisha anasema, mashine haichoki, mke wangu. Mimi nimechoka.

Hapo naelewa ni nani aliyemweka hapo akisukuma. Nalijua neno, liko kinywani, na najua nikilitoa viganja vitaondoka. Namwomba mzunguko mmoja. Ananipa. Naomba mwingine, ananipa, na nasikia pumzi yake ikikatika. Wa tatu naona aibu kuuomba. Nasema, Mbaruku, nimekuwia radhi. Nasema mara ya pili. Mara ya tatu nasema bila kulia, na mgongo wangu unapoa. Kikapu kinapanda peke yake, kinashuka, kinapungua mwendo, kinapungua, mpaka kinakuwa msala.

Nafumbua macho. Mlangoni amesimama mwanamke mwenye ungo, jua liko nyuma yake, uso wake siuoni. Sauti ni ya Mwanakheri. Anasema Shekue sasa amefikia kwenye nyumba ya barafu, eti nayo italetwa, tutaingia na makoti. Namuuliza, nimesema kitu usingizini? Anasema, umesema, dada, mara tatu, tumekusikia mpaka uani. Nashukuru Mungu. Kisha nafikiri, hata yule wa langoni angenijibu hivi hivi. Naweka kiganja sakafuni, nisijue kama saruji imetulia au ndiyo kwanza inaanza kushuka, nami nasema tena, kwa sauti, Mbaruku, nimekuwia radhi, pumzika. Nangoja. Mgongoni hapaji mkono.