Mwonjaji Aliyeonja kwa Tumbo

Pale kiwandani walimwita Ulimi, na tuseme ukweli, jina lilikuwa limempanda kichwani. Miaka kumi na miwili alikuwa akionja juisi ya machungwa: anasukutua, anatema, anatoa hukumu. Mashine ikisaga na mbegu, juisi inakuwa chungu, na yeye ndiye wa kuizuia isiondoke.

Sasa mafua yamekuja, yamekwenda, yamebeba na ladha yake yote. Chai, dawa ya meno, shubiri, vyote maji matupu. Meneja akijua, atamhamishia kwenye kuosha chupa. Ulimi aoshe chupa? Weee! Bora arudiane na yule mume wa kwanza.

Asubuhi akampigia simu mdogo wake, muuguzi, huku analia.

"Dada, nyamaza basi. Hata utumbo unatambua kitu kichungu. Ukikipata unapeleka habari kwenye ubongo kupitia neva: hiki kibaya, acha kula! Hapo hamu inakata, kichefuchefu kinakuja. Kwa hiyo leo usiteme. Meza, halafu subiri."

"Nimeze kiasi gani?"

"Glasi nzima, habari isije ikashindwa kusikika."

Saa nne, glasi tatu zikawa mezani, kila moja imetoka tangi lake. Nje lori la kubeba juisi linanguruma. Meneja kasimama, mikono kiunoni.

Ulimi akaibugia ya kwanza yote.

"Mbona unameza?"

"Ndiyo utaalamu wa siku hizi, bosi. Naomba uzime feni, nasikiliza."

Na meneja, mtu mzima na tai yake, akaenda akazima feni. Dakika kumi wakakaa wanatazama tumbo la mwanamke. Kimya. Ya pili nayo ikashuka, dakika kumi nyingine, kimya. Ulimi jasho linamtoka, anajisemea moyoni, mwanangu tumbo, usiniangushe leo, nimekulisha vizuri miaka yote hii.

Ya tatu haikumaliza hata dakika tano. Tumbo likajikunja, mate yakamjaa mdomoni, akakimbilia sinki na kila kitu kikarudi kilikotoka.

"Tangi la tatu chungu!" akapiga kelele kwa furaha, kichwa bado kimo sinkini.

"Chungu wapi!" Meneja akawaka. "Nimeionja mwenyewe asubuhi, tamu kabisa! Umeshaharibikiwa ulimi wewe, unanichezea tu. Kesho uripoti kwenye chupa!" Akachota glasi nyingine ya tangi lile lile, akainywa mpaka tone la mwisho, akalamba na midomo. "Asali hii!"

Ulimi moyo ukampasuka. Akavua koti lake jeupe taratibu, akalikunja.

Hajafika mlangoni akasikia, "Hebu ngoja." Meneja alikuwa amebadilika rangi. Akashika tumbo, akashika tai, akaukosa mlango, akalipata sinki.

Alipoinuka macho yamemtoka. Wakatazamana.

"Husikii ladha tangu lini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Tangu Jumatatu. Na wewe, bosi?"

"Wiki ya tatu hii. Mke wangu akipika namsifia tu, wala sijui nasifia nini." Akajifuta mdomo. "Kamwambie dereva, juisi ya tangi la tatu haiondoki. Halafu vaa koti lako, uje unifundishe kulisikiliza hili tumbo."