Gitaa la Kilo Sabini na Nne na Nusu

Alhamisi ile Dative alimaliza kuuza sambaza zake, dagaa wa ziwani, kabla ya saa nne. Zilikuwa zimekauka vizuri, na akina mama walioshuka na basi dogo kutoka Nyakabuye walizichukua zote, hata vumbi la chini ya karai. Alikunja mifuko, akafuta mizani yake ya ndoano, akaitia kikapuni, akapanda kutoka sokoni Kamembe hadi kwa Papa Christophe-Aimé, anayeuza vitu vilivyokwisha kutumika: redio, pasi, vyerehani, na mara mojamoja gitaa.

Alikuwa ametumwa. Kwaya ya akina mama ya kanisa lao, watu ishirini na watatu, ilikuwa imeimba miaka tisa kwa makofi na ngoma moja. Vyombo vya kanisa vilikaa kabatini, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa kiongozi wa kwaya kubwa, naye alisema vyombo si vya kuchezewa na watu wanaojifunza. Kiongozi huyo alikuwa Vénuste, mtoto wa kwanza wa Dative mwenyewe. Basi akina mama walichanga mwaka mzima, kisha wakamchagua Dative aende kununua, kwa kuwa, walisema, hakuna mtu Kamembe aliyewahi kumuuzia Dative kitu kilichooza.

Papa Christophe-Aimé alikuwa na magitaa mawili ya umeme, moja jeusi na moja jekundu.

"Bei ni moja, Maman. Zote ni za chapa ya chini, sikufichi. Ni zile banatengeneza kwa batu ba kujifunza."

Dative hakujua magitaa. Alijua samaki. Alilichukua lile jeusi, akalinusa, akalibonyeza tumbo kwa dole gumba, akachungulia chini ya nyuzi kama anavyochungulia mashavu ya samaki. Halikuwa na neno. Akachukua jekundu. Hilo lilikuwa limekwaruzwa upande wa chini, kitufe kimoja cha sauti hakikuwapo, na jina la chapa lilikuwa limebanduka zikabaki herufi mbili. Nyuzi zilifungwa kinyume, nene chini na nyembamba juu. Lilinuka sabuni ya mche na, ndani zaidi, sambaza.

"Iyo ni ya mutu wa mukono wa kushoto," alisema Papa Christophe-Aimé. "Na kuna jambo lingine. Iko na kilo."

"Kilo ngapi?"

"Sijapima. Mukononi haina shida, si unaona iko nyepesi? Ukiiweka ndiyo inalemea. Batu batatu balisharudisha. Wa kwanza aliilaza juu ya kitanda, kitanda kikavunjika. Wa pili aliitundika kwa musumari, musumari ukashuka na kipande cha ukuta. Wa tatu alisema inamumalizia tairi ya baiskeli. Minasema mapema, usikuje kunigombeza."

"Papa, wewe ungeuza samaki ungekufa njaa."

"Ndiyo maana ninauza pasi."

Dative alitoa mizani kikapuni, akaifunga kwenye boriti ya mlango. Alitundika jeusi. Kilo tatu na nusu. Akalitoa, akatundika jekundu. Mshale uliteremka polepole, boriti ikalia kidogo, mshale ukasimama kwenye sabini na nne na nusu. Papa Christophe-Aimé aliinama akasoma, akachukua kalamu, akaandika namba ile kwenye kipande cha katoni, akakifunga kwenye shingo ya gitaa ili mteja ajaye asipate taabu ya kuuliza.

Muuza sambaza hasomi mizani na kuishia hapo. Kwanza anatoa uzito wa kikapu. Dative alitoa kilo tatu na nusu za gitaa lenyewe, zikabaki sabini na moja. Kisha akatoa hamsini na nane, kwa sababu alimjua mtu mmoja wa mkono wa kushoto aliyenuka vile, na mtu huyo aliwahi kuning'inia kwenye ndoano hiyohiyo. Alikuwa Larissa, binti aliyembebea makarai kutoka ziwani miaka minne, na Jumapili alipiga gitaa lake katika kwaya kubwa. Siku moja samaki hawakutoka, wasichana wakaanza kujipima kwa mchezo, na Larissa akawa hamsini na nane kamili. Walimcheka kwamba, kama kazini kwake, hata mwilini mwake hakuna nusu.

Zilibaki kumi na tatu.

Dative alikuwa amezaa watano na kupeleka wajukuu sita kupimwa kwenye kituo cha afya. Kumi na tatu aliijua. Ni mtoto wa miaka miwili na nusu, anayekula vizuri.

"Nani alikuuzia?" aliuliza.

"Dada mumoja. Ni mwaka wa tatu sasa. Alikuwa na sakoshi mbili za nguo, anaenda ng'ambo ya daraja la mpaka. Aliniambia nisiiuzie mutu wa kanisa." Papa Christophe-Aimé alimtazama. "Weye Maman ni wa kanisa?"

"Mimi ni wa samaki."

Aliketi kwenye kiti cha cherehani ili afikiri, na hakuna aliyemharakisha.

Miaka mitatu nyuma, wakiwa wawili peke yao wakichagua samaki, Larissa alimwambia: Maman, nina mimba, ni ya Vénuste. Dative alimjibu anyamaze kwanza. Alimwambia kwa upole, akamwongezea chai. Wiki mbili baadaye tumbo lilisemwa na watu wengine, na kanisa likakaa kikao kama linavyokaa siku zote kwa jambo la namna hiyo. Msichana husimamishwa mbele, huulizwa ni ya nani, asipotaja huwekwa pembeni: haimbi, hapigi chombo, anaketi benchi la nyuma hadi atubu mbele ya watu. Larissa alipoulizwa hakumtazama Vénuste, aliyekuwa mezani akiandika kikao. Alimtazama Dative. Kisha akanyamaza, kama alivyoombwa. Mzee Cassien, mzee wa kanisa, akaomba wanaokubali wainue mikono. Mkono wa Dative ulitangulia yote, na mama wa kiongozi akishatangulia, nani tena atauliza?

Larissa aliketi benchi la nyuma Jumapili mbili. Ya tatu hakuonekana.

Mteja aliingia akanunua pasi, akatoka. Dative aliyatazama magitaa yale mawili. Jeusi lilikuwa zima, jepesi, na wenzake walikuwa wamemtuma gitaa tu. Micheline, ambaye ndiye angelipiga, alikuwa wa mkono wa kulia. Yote yaliyohitajika yalikuwa kwenye jeusi. Ila akiliacha jekundu, atakuja mtu wa Bugarama au wa wapi, asiye na mizani, atalipeleka nyumbani, kitanda kitavunjika, atalirudisha au atalitupa. Na zile kumi na tatu zitaendelea kupanda bila mtu wa kuzisoma.

Ndege ya saa sita ilipita juu ya mabati ikienda kutua. Ilipotulia kelele, Dative alisimama.

"Nipe nyekundu."

"Hairudishwi tena, Maman."

"Hairudi."

Kwenye maegesho ya pikipiki, kijana mmoja anayeitwa Izabayo alimpakia, gitaa likilala mapajani. Pikipiki ilididimia hadi ikakaribia kugusa ardhi. Izabayo alishuka, akatazama tairi, akatazama gitaa.

"Maman, hapa muko wawili. Sheria ni abiria mumoja."

"Basi mwite mwenzako."

Mwenzake alikuja. Walilisimamisha gitaa kwenye kiti cha nyuma, wakalifunga kwa kamba kiunoni mwa dereva, wakalivika kofia ya abiria na kufunga mkanda wake chini ya vifungo vya nyuzi. Dative alipanda ya kwanza, gitaa likafuata. Kwenye mzunguko askari aliwasimamisha, akahakikisha kofia zote zimefungwa, akawaruhusu.

Jioni akina mama walikusanyika uani kwa Dative. Micheline alibadili nyuzi akaziweka za mkono wa kulia. Asubuhi alizikuta zimerudi kinyume. Alizibadili tena Ijumaa, zikarudi Jumamosi. Akakaa chini, akasoma kile kipande cha katoni shingoni, akakigeuza upande wa pili, akakisoma tena.

"Maman Dative," alisema, "sisi tulikutuma gitari. Weye umetuletea mutu."

"Ni kweli."

"Na mutu mwenyewe tunamujua."

"Ni kweli."

Micheline aliachia kile kipande cha katoni. "Haya. Nitajifunza mukono wa kushoto. Lakini siku ingine tukikutuma sukari, tutakwenda sisi benyewe."

Jumapili walilipeleka kanisani mapema, kwa pikipiki mbili. Lilipowekwa kwenye benchi la mbele, benchi lilipinda katikati, na kina mama waliokuwa wameketi pembeni wakateleza taratibu kulielekea. Mzee Cassien, anayetunza daftari la nidhamu, alikuja akiwa na miwani mkononi. Aliliangalia gitaa muda kidogo.

"Huyu ni Larissa," alisema.

"Ni yeye, Mzee," akina mama walijibu.

Alivaa miwani, akafungua daftari, akapata ukurasa. "Aliwekwa pembeni. Aliulizwa mhusika, hakutaja. Hakutubu." Alifunga daftari huku kidole kikibaki ndani. "Hawezi kuketi mbele."

Micheline alisema hili ni gitaa la kwaya, limenunuliwa kwa mchango. Mzee Cassien alikubali kwamba ni gitaa, na kwamba limenunuliwa. Alisema hata hivyo daftari ni daftari, na kwamba kwa haki linapaswa kuulizwa tena. Akamwomba Vénuste afungue kabati alete spika. Vénuste alileta, akachomeka waya bila kuligusa gitaa mwilini. Gitaa lilianza kuunguruma chini kwa chini, kama magitaa ya bei rahisi yanavyofanya.

"Larissa," Mzee Cassien aliuliza kwa heshima, "mimba ilikuwa ya nani?"

Watu walisubiri. Mlio ule uliendelea, haukupanda wala kushuka. Dative alikuwa na maneno matatu mdomoni: ni ya Vénuste. Alikuwa nayo mwaka wa tatu, yalikuwa mafupi, na kanisa zima lilikuwa kimya kiasi cha kuyasikia hata yangesemwa kwa sauti ya chini. Alimtazama mwanawe. Vénuste alikuwa ameketi mezani, kalamu tayari, macho kwenye karatasi. Mwezi wa nane alikuwa anaoa, binti wa Nyakarenzo.

Dative alivuta kikapu mapajani.

"Hakutaja," alisema Mzee Cassien, na Vénuste akaandika. "Wanaokubali aketi nyuma, mikono."

Mikono iliinuka, ya wazee, ya kwaya kubwa, na baada ya kusitasita ya akina mama pia, hata wa Micheline, aliyetazama pembeni akiuinua. Vénuste alisimama kuhesabu. Alipofika kwa mama yake alikuta mikono yake yote miwili imelala juu ya kikapu.

"Maman?"

Haikuinuka. Vénuste akaendelea na mstari uliofuata. Wote walikubali isipokuwa mmoja. Azimio likapita.

Walilihamisha gitaa hadi benchi la nyuma, ambalo ni la mti mgumu na lilistahimili. Siku hiyo kwaya ya akina mama iliimba kwa makofi na ngoma moja, kama miaka yote, na iliimba vizuri. Dative hakuimba nao. Aliketi nyuma, karibu na gitaa, mahali ambapo benchi lilikuwa limeinama, na mwili wake ukalielekea wenyewe.

Ibada ilipokwisha alifunga mizani kwenye boriti ya mlango wa nyuma, akalipima. Sabini na nne na nusu.

Tangu hapo alilipima kila Jumapili. Watu walizoea kupita wakiinamisha kichwa chini ya mshale. Mwezi wa tano uzito ulipungua nusu kilo, na Dative aliuza samaki wiki mbili bila kujua anauza kwa bei gani, akiwaza ni homa au ni tumbo, na kama kuna dawa huko. Jumapili ya tatu nusu ile ilirudi. Alinunua mandazi akawagawia watoto wote waliokuwa uani mwa kanisa, bila kusema ni ya nini. Mwezi wa nane, siku moja baada ya harusi, ilikuwa sabini na tano na robo. Mwezi wa kumi mvua zilipoanza, sabini na sita.

Larissa mwenyewe hakuwahi kuonekana. Jina lake lilibaki kwenye ukurasa wake, chini yake neno lilelile, hakutaja, na Vénuste aliendelea kuongoza kwaya kubwa na kutunza ufunguo wa kabati. Ila kila Jumapili, watu wakishatawanyika, alikuja hadi mlango wa nyuma kana kwamba anakagua komeo. Alisimama upande wa mgongo wa mama yake, mahali ambapo hangeweza kuuona mshale.

"Imefika ngapi, Maman?"

Dative alitoa gitaa, akatoa Larissa, akamwambia kilichobaki.

"Kumi na nne na nusu."

"Haya," alisema Vénuste. Akaenda kufunga kabati, kwa kuwa kwaya kubwa ilikuwa na mazoezi saa tisa.