Taa za Pijo la Bourhane

Alhamisi moja ya Februari mwaka 2000, baada ya swala ya alasiri, fundi Anrafi alifungua boneti ya teksi ya Mourchid katika uwanja wake nyuma ya soko la Volo Volo mjini Moroni, akachomoa balbu mbili za zamani na kuziweka juu ya gazeti. Zilikuwa halojeni, vioo vyake vimeingia weusi. Mahali pake akafunga taa za xenoni ambazo Bi Zaitoun, mfanyabiashara wa sokoni, alizileta kutoka Dubai pamoja na sufuria na mapazia. Kila taa ilikuja na kisanduku chake cha kupandisha umeme. Anrafi alivikaza visanduku kando ya betri, akajipangusa mikono.

"Kwa hizi, kaka, hutagonga mbuzi tena."

Gari lilikuwa Pijo 504, na halikuwa la Mourchid. Lilikuwa la Bourhane, jirani yake wa mtaa wa Magoudjou, mtu wa Mutsamudu kisiwani Nzwani aliyekaa Moroni miaka kumi na tisa. Kisiwa hicho kilipojitenga na visiwa vingine, watu wa Moroni waliwaacha Wanzwani kwa muda. Kisha, Aprili ya mwaka 1999, vijana walianza kupita nyumba hadi nyumba wakiuliza nani Mnzwani. Bourhane na mkewe Hayati walipelekwa bandarini na mabegi mawili. Kabla ya kutoka, Bourhane alimpa Mourchid ufunguo juu ya ukuta wa ua.

"Niwekee, jirani. Mambo yakipoa nitakuja kulichukua."

"Ni amana," alijibu Mourchid, na siku ile alimaanisha.

Baada ya miezi mitatu alilipaka gari rangi nyingine. Baada ya miezi sita alibadilisha kadi ya gari ikawa na jina lake, maana karani alimwambia kuwa mali ya mtu aliyeondoka haina mwenyewe.

Jua lilipotua Anrafi aliwasha taa kuelekea ukuta wa uwanja ili aone zinapiga wapi. Ukutani kikatokea chumba. Bourhane alikuwa ameketi mkekani akichambua mbaazi, na Hayati, mja mzito, ameegemea mto pembeni yake. Mwanga uliwachoma. Bourhane akajikinga macho kwa kiganja.

"Zinapiga juu mno," alisema Anrafi. Akachukua bisibisi, akazungusha skrubu mpaka mwanga ukashuka chini ya kidevu cha Bourhane.

Bourhane aliteremsha mkono, akatazama, akamwona Mourchid amesimama kando ya taa. Akamsalimu kwa kichwa. Mourchid akaitikia.

"Hapo sawa," alisema Anrafi, akafunga boneti.

Barabarani taa ziliangaza kama taa yoyote nzuri: mashimo, mawe, watu watokao msikitini. Zilipogonga ukuta tu ndipo zilipokionyesha kile chumba cha Mutsamudu, bila sauti. Abiria walikizoea siku ya pili. "Bourhane amekonda," mmoja alisema, wakaendelea na mazungumzo yao.

Sittina, mkewe Mourchid, aliitazama picha ile kwa muda mrefu zaidi. Yeye na Hayati walikuwa wamepikia jiko moja miaka mingi, na alipomwona na mimba aliweka mkono kinywani. Mutsamudu haikuwa na umeme wakati ule. Vikwazo dhidi ya kisiwa kilichojitenga vilikuwa vimezuia meli za mafuta, na simu zilikatwa.

"Baba Nouriat," alimwambia mumewe, "kila magharibi liegeshe hapa, liuelekee ukuta. Watu wako gizani."

Mourchid akafanya hivyo. Kuanzia magharibi hadi isha injini ilinguruma uani, na kule Mutsamudu chumba kikajaa. Majirani wa Bourhane walileta mchele wa kuchagua, viatu vya kushona, misahafu. Hawakuuliza mwanga unatoka wapi. Walikuja mapema ili wapate nafasi.

Bourhane alilitambua gari lake kwa umbali kati ya taa na taa. Jioni moja aliinua ubao wa chuo cha Kurani ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu: "Oili umebadilisha?" Mourchid akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa hajabadilisha. Alibadilisha kesho yake.

"Mwandikie kwamba utamrudishia gari lake," alisema Sittina.

"Kwa meli gani?"

"Mwandikie tu."

Hakuandika.

Jumamosi moja ya Machi kulikuwa na harusi kubwa mtaani, ya kutimiza ada, ile inayompa mtu haki ya kusema mbele ya wazee. Mourchid alikuwa ameahidi kumchukua Mzee Abdoulkarim, mjomba wa bwana harusi, pamoja na sanduku la dhahabu la bibi harusi. Alivaa kanzu na kofia, akawasha taa, kwa kuwa adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha.

Bourhane alikuwa amesimama akisubiri na ubao. "Hayati ana uchungu tangu asubuhi. Mtoto hatoki. Hakuna gari."

Nyuma yake mkunga alikuwa amepiga magoti. Hospitali ilikuwa chini, Hombo, robo saa kwa gari, lakini hakuna teksi iliyokuwa na petroli, na wanaume wanne walikuwa wamekwenda kutafuta kitanda cha kumbebea. Mourchid aliusoma ubao mara mbili. Tangi lilikuwa limejaa. Mwanga wa gari ulifika hadi miguuni pa Hayati, na zaidi ya mwanga hakuna kingine cha gari kilichoweza kufika.

Mzee Abdoulkarim aliingia uani na sanduku kifuani. Aliutazama ukuta. "Mungu amfungulie," alisema. Akafungua mlango wa nyuma, akaketi. "Twende, Mourchid. Ngoma imeshatoka."

Sittina alishika dirisha la dereva. "Usizime."

"Nitarudi sasa hivi."

"Mkunga anafanya kazi kwa mwanga huu, Baba Nouriat. Mzee atembee kwa miguu. Ni hapo tu."

"Hawa ndio watakaosimama siku ya harusi ya Nouriat," alisema Mourchid. "Nikiwakosa leo, nitamwozesha na nani?"

Akarudi nyuma, akaingia njiani. Sittina alitundika kandili kwenye ukuta. Ilionyesha chokaa tu.

Vichochoro vya Magoudjou vina kuta pande zote mbili. Kila kona chumba kilijitokeza vipande vipande: mgongo wa mkunga, beseni, Bourhane ameshika kichwa cha mkewe. Mzee Abdoulkarim aliinamisha uso.

"Si adabu kumtazama mke wa mtu katika hali hii," alisema. "Zima kubwa, tumia ndogo."

Mourchid akazima taa kubwa. Alikwenda polepole kwa taa za pembeni mpaka nyumbani kwa bibi harusi, ambako alipokewa kwa vigelegele. Sanduku lilifunguliwa, dhahabu ikaonyeshwa kipande kwa kipande, naye hakuweza kuondoka kabla ya dua.

Aliporudi isha ilikuwa imepita. Sittina alikuwa amekaa palepale. Mourchid aliligeuza gari na kuwasha.

Kitanda cha kamba kilikuwa kimefika, kimekwama mlangoni. Hayati alikuwa amefunikwa kuanzia kichwani. Mkunga alikuwa amempakata mtoto wa kike, kinywa wazi, akilia kilio kisichosikika Moroni. Bourhane alichukua ubao, akaandika taratibu, akauinua.

"Gizani damu hatukuiona."

Mourchid alishuka garini. Alisimama mbele ya ukuta na kanzu yake ya harusi. Alitaka kuandika kitu, na nyumbani hapakuwa na ubao. Sittina aliingia ndani, akafunga mlango.

Siku ya tatu Bourhane alitundika kwenye ukuta uliotoa mwanga shiromani ya Hayati, shuka jekundu wanalojitanda wanawake wa Nzwani. Tangu hapo, kila ukuta uliogongwa na taa zile ulionyesha nguo nyekundu kwa upande wa nyuma. Harusini watu walisema inapendeza. Sittina hakupanda gari tena. Sokoni alikwenda kwa miguu, na meli zilipoanza kusafiri alipeleka nguo za mtoto kwa mkono wa abiria. Meli hiyohiyo ilirudi na barua ya Bourhane. Aliomba gari lake. Mourchid aliisoma, akaikunja, akamjibu kwamba kadi ina jina lingine na ofisi ndiyo yenye kauli.

Mwaka 2002 alilipeleka gari kukaguliwa. Afisa alimwambia awashe taa kuelekea ukuta wa karakana. Nguo nyekundu ikatokea, imepauka kidogo. Kona ya chini ikainuliwa kwa ndani. Mtoto wa miaka miwili akachungulia, akaukazia macho mwanga bila kupepesa, mpaka mkono wa mwanamume ulipomvuta nyuma na kuishusha nguo.

Afisa alisubiri nguo itulie. Akaandika kuwa taa ni nzuri.

"Mwenye gari?" aliuliza.

"Mimi," alisema Mourchid.