Kaprisi ya Leandra na Mifuko ya Mchanga

Nakutegea kitendawili, msomaji wangu, na usiruke mistari kutafuta jibu. Nina mwanamke mmoja: kila akizidi kuinama, watu wanazidi kutoka majumbani kumtazama. Kukaa mapajani mwake hakuna kazi. Kuondoka mapajani ndiko kunakomtoa mtu jasho.

Umeshindwa? Usinipe mji, mji ninao, ni Española, nami nakaa juu yake kidogo, njia ya Chimayó. Huku kwetu mtoto wa darasa la kwanza angekujibu: ni gari lililoshushwa. Gari ambalo mwenyewe amelibadilisha springi mpaka tumbo linakaribia kulamba lami, likapita polepole, kina mama wakaacha sufuria jikoni na kuja dirishani.

Kitendawili hicho alikitunga mume wangu, Onofre, siku zile ananichumbia. Kipande cha mwisho, hicho cha jasho, nimekiongeza mimi mwaka huu.

Onofre ameshusha magari ya bonde hili tangu alipokuwa na nywele. Sasa hana nywele wala gari, na kipupwe kilichopita aliteleza kwenye barafu mlangoni pa kanisa akavunjika nyonga. Wakamtia ya chuma. Daktari alituita sote wawili akamwambia asikae kamwe mahali palipo chini ya magoti yake, maana nyonga ile ikichomoka atarudi kwenye kisu, na kwa umri wake hakuna wa kuahidi kwamba atatembea tena. Tulipokuwa tunarudi nyumbani Onofre aliniapisha nisimwambie mjukuu wetu. Nikaapa. Katika ndoa ndefu mtu huapa mengi ya kijinga.

Mjukuu wetu ni Leandra, tunaishi naye. Anapika katika shule moja mjini, na kila asubuhi humpakia babu yake katika Kaprisi yake ya kijivu, gari la milango minne la zamani ambalo yeye hulitunza kama yai. Humwacha kwenye gereji ya Facundo na kumchukua jioni. Pale gerejini Onofre hafanyi kazi yoyote. Anakaa kwenye kiti kirefu, anakunywa kahawa mbaya, anawaambia vijana kwamba wanachomelea chuma kama wanashona soksi. Ukiniuliza ni nini kinachomweka hai mzee huyu sitakutajia dawa. Ni ile safari ya asubuhi.

Nimeshona mto mnene kwa suruali zake kuukuu, nauweka kwenye kiti cha gari kila siku. Ananiambia ni kwa ajili ya baridi. Nami najibu ndiyo, baridi ya mwaka huu ni kali, hata ikiwa jua linawaka.

Sasa Leandra akataka kulishusha gari lake kabla ya Jumapili ya Pasaka, siku ambayo magari yote ya bonde hupita mjini. Alikuwa na akiba yake. Na usidhani ilikuwa ni fahari ya ujana. Babu yake ndiye aliyemlea akimwambia kwamba gari lililo juu ni la kubebea majani ya ng'ombe. Alimfundisha kupima kwa vidole nafasi kati ya tairi na bodi kabla hajamfundisha kuandika jina lake. Msichana alitaka kitu kimoja tu: apite barabarani siku ya Pasaka, babu yake akiwa kando yake, gari likiwa chini kama alivyofundishwa.

Ndipo tulipokuwa, basi. Alipozungumza habari ya kushusha gari, Onofre alisema tu, "Chini kabisa, mwanangu. Ukilishusha nusunusu watakucheka." Mimi nilikuwa nakanda unga wa tortila, chapati zetu za huku. Nilikanda mpaka ukawa mgumu kama raba.

Alhamisi Kuu tukaenda kwa Facundo wote watatu. Facundo ni mtu wa maneno machache, na shemeji yangu kwa ubatizo, maana ndiye baba wa ubatizo wa watoto wetu. Akaweka springi zake juu ya meza. Upande mmoja fupi kuliko zote, nzuri kutazama, nyekundu. Upande wa pili zilizopunguzwa kidogo tu, pamoja na shokapu zake, ile mirija inayozuia gari lisirukeruke kama mbuzi. Akasema zile nyekundu zitalilaza gari chini kweli, lakini ukiziwekea shokapu ndefu za zamani zitagonga mwisho kila shimo. Hizi nyingine zitashusha vidole viwili, gari litapendeza, na mtu atakunywa kahawa ndani yake bila kujimwagia. Springi za upepo, zile za kupandisha na kushusha gari kwa kidude, Leandra hakuziuliza. Bei yake anaijua, na tanki lake linakula buti nzima.

Leandra alichukua ile nyekundu akaigeuzageuza mkononi. Akamtazama babu yake.

Facundo akasema, "Leandra mwanangu, kabla sijafunga kitu. Gari hili linambeba nani kila siku?"

Kabla msichana hajafungua mdomo, Onofre akadakia. "Linambeba yeye mwenyewe, nani mwingine? Mimi mji umenichosha. Baada ya Pasaka nakaa zangu nyumbani nimsaidie bibi yake kumenya pilipili."

Katika maisha yake yote Onofre hajamenya pilipili hata moja.

Leandra akaiweka springi mezani taratibu. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu. Alidhani babu yake amemchoka yeye, safari zake na redio yake. Na Onofre akatazama ukuta. Facundo alimwangalia rafiki yake kuanzia kofia mpaka viatu, akakawia kidogo kwenye nyonga. Kila asubuhi ndiye anayemwona akishuka.

"Sikukuuliza wewe, kaka," akasema.

"Umekuwa padri siku hizi? Unaungamisha watu kwanza ndiyo uwauzie?"

"Padri hakununulii kahawa kila siku. Kesho sifungui. Jumamosi nileteeni jibu la kweli, nitafunga zinazofaa. Bila jibu siuzi."

Ijumaa Kuu ilikuwa ndefu. Barabarani mahujaji walipita kwa miguu kwenda kanisa la Chimayó, na ndani ya nyumba yangu watu watatu walikula dengu bila kutazamana. Nilitaka kumwambia Leandra. Nilisimama mlangoni pake, yeye akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa, nikakumbuka kiapo. Akaniuliza bila kugeuka kama yeye amemkosea babu nini. Nikasema hakumkosea. Akauliza sasa kwa nini hataki tena kupanda naye. Nikasema dengu zangu zinaungua jikoni, nikaondoka.

Jioni nikatafuta njia nyingine. Nikasema mezani, kama mtu anayezungumza na sufuria, kwamba zamani hakuna aliyenunua springi kwa macho. Vijana walijaza buti mifuko ya mchanga gari likakaa chini, wakaliendesha siku nzima, ndipo wakaamua. Nikasema na huyu hapa ndiye aliyekuwa anachota mchanga wa mtoni mpaka mto ukamchukia.

Leandra akainua uso. "Kweli, babu?"

Onofre angesema nini? Ni hadithi yake mwenyewe, amemsimulia mtoto mara zisizo na hesabu. Akasema kweli. Leandra akasema basi kesho tutakwenda kwa Facundo na mchanga, tulione gari likiwa chini, babu akae mbele walau mara moja.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Asubuhi Onofre ataliona gari lilivyolala, ataogopa, atakataa kupanda, na ukweli utatoka wenyewe bila mimi kuvunja kiapo. Nilijiona mjanja sana. Nililala vizuri.

Jumamosi Leandra alipakia mifuko mwenyewe, akisaga meno, mpaka nafasi juu ya tairi la nyuma ikawa vidole viwili vyembamba. Gari likakaa mkia chini, pua juu, hata kiti cha mbele kikawa kama kinalala chali. Nikauweka mto wangu. Onofre akatoka akiwa na kofia ya Pasaka. Alilitazama gari muda mrefu. Nikasubiri.

Akautoa mto, akaurusha nyuma. "Leo hakuna baridi," akasema. Akashika juu ya mlango, akajiachia, akaanguka kitini kama mfuko mwingine wa mchanga.

Nilikuwa nimemwandalia mtego mume wangu, na badala ya kuukwepa ameuingia amevaa kofia. Nikaingia nyuma, nikaukumbatia ule mto, na kutoka pale sikuona barabara. Niliona kisogo chake na magoti yake tu. Magoti yake yalikuwa juu kuliko kiuno, ndivyo hasa alivyokatazwa. Tulipofika kwenye vyuma vilivyolazwa barabarani kuzuia ng'ombe wasivuke, tumbo la gari likasugua kwa kelele, na mkono wa Onofre ukashika dashibodi mpaka vifundo vikawa vyeupe. Leandra akasema pole, babu. Yeye akasema sauti hiyo ni tamu, iache iimbe. Lakini jasho lilikuwa limemtoka nyuma ya masikio, na asubuhi ya milima yetu haimtoi mtu jasho.

Leandra aliniangalia katika kioo. Akaangalia mto mikononi mwangu. Akaangalia tena barabara, akapunguza mwendo, akawa anakwepa kila kokoto.

Mbele ya gereji vijana walikuwa wamejaa, wanapangusa magari yao kwa ajili ya kesho. Walipiga miluzi walipotuona. Mmoja akauliza bibi kizee yule huko nyuma ndiye springi au ndiye mchanga. Nikamwambia mimi ndiye jeki, nitamwinua aone. Wakacheka, nami nikashuka upesi nizunguke upande wa Onofre.

Leandra alikuwa amekwisha kumfungulia mlango.

Onofre hakushuka. Alitoa mguu mmoja nje akaukanyagisha lami. Akashika juu ya mlango. Nikaona mkono unavyovuta, na mwili ukabaki palepale. Akaachia, akaweka mkono gotini kama mtu aliyependezwa na mandhari.

"Nitakaa kidogo," akasema. "Kiti kizuri hiki."

Vijana wakaendelea kupangusa. Akajaribu tena, sasa akijipinda upande, ule upande mbaya, nami sauti ikanitoka, "Onofre, usijipinde." Hilo ndilo neno pekee nililolisema, na sijui kama lilivunja kiapo.

Leandra alinigeukia. Kisha akapiga magoti kwenye lami, na sketi yake nzuri, uso wake ukawa sawa na wa babu yake. Akamuuliza polepole wengine wasisikie, "Babu, ni mimi uliyenichoka, au ni nyonga?"

Onofre akatazama mbele kupitia kioo.

Facundo akatoka ndani. Mkono mmoja springi nyekundu, mkono mwingine zile zilizopunguzwa kidogo, shokapu zake kwapani. Akasimama katikati ya mlango wa gari na wale vijana, mgongo kwao, na kwa kuwa ni mtu mpana hawakuona tena kitu. Hakumwangalia Leandra safari hii. Alimwangalia mwenzake wa ujana, yule aliyekaa chini asiweze kuinuka.

"Nauliza mara ya pili," akasema, "na safari hii nakuuliza wewe, kaka. Gari hili linambeba nani kila siku?"

Onofre alivua ile kofia ya Pasaka, akampa Leandra aishike. Mkono wake mtupu akauacha palepale, umenyooka, mbele ya msichana.

"Mimi," akasema. "Linanibeba mimi. Niinue, mwanangu."