Mama Mkwe Afutwa Mstari wa Tatu

"Umemfuta mama yangu!" mpishi alimaka, kitambaa cha vyombo begani.

Mkewe hakugeuka. Alikuwa kwenye meza ya chakula na kompyuta yake, akimalizia ukurasa wa kuandikisha watoto wa chekechea ileile anakopika mumewe. Kuanzia Jumatatu karatasi zingewekwa kando. Mpishi angefungua ukurasa huo jikoni, aone nani hawezi kula nini, ndipo apakue.

"Nimemfuta humu tu," mkewe alisema. "Mwenyewe yuko kwake, anakunywa chai."

"Kwa nini usimfute mama yako?"

"Wangu yuko mstari wa kwanza. Nilitaka mtu wa katikati."

Ndivyo alivyozoea kufanya kazi. Ukurasa hautoki mikononi mwake kabla hajaujaribu kwa majina ya ukoo mzima, wa kwake na wa mumewe. Mashemeji walishaandikishwa kama abiria, kama wagonjwa, na mara moja kama ng'ombe wa maziwa. Safari hii walikuwa watoto wa chekechea, kila mmoja na mstari wake: kisanduku cha jina, na kando yake kisanduku cha chakula kinachomdhuru. Mama mkwe aliandikiwa sukari.

"Hebu njoo uone," mkewe aliita, na sauti yake haikuwa na utani tena.

Mpishi aliinama. Mama yake alikuwa ametoka, na waliokuwa chini yake wamepanda. Lakini yaliyopanda ni majina. Vyakula vilibaki palepale. Sukari ya mama sasa ilikuwa ya kaka yake mpishi, mtu asiyedhurika na chochote. Na dada yake, wa mwisho, aliyeandikiwa karanga, kisanduku chake kilikuwa kitupu.

Karanga zilimkumbusha mpishi jambo. Pale chekechea kulikuwa na mtoto waliyemwita Kidoti. Siku moja alilamba kijiko chenye karanga, akavimba uso mpaka macho yakafumba, na mpishi ndiye aliyekimbia naye hospitali, aproni bado kiunoni.

"Kwa hiyo mtoto mmoja akihama..."

"Kidoti anaonekana hana tatizo. Na wewe unampakulia."

Simu ikaita. Alikuwa mwalimu mkuu, anautaka ukurasa wake. Si unafunguka? Basi autume, kasoro zitarekebishwa polepole.

"Haujawa tayari, mwalimu," mkewe alisema. "Ukiwa tayari utaupata." Akakata simu.

Mpishi humwogopa mwalimu mkuu mpaka leo. Alimtazama mkewe, moyo ukamjaa fahari, akaenda kumchemshia chai bila kuombwa.

Mkewe alifumua kazi yake. Chakula alikuwa amekifunga kwenye nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisanduku hakikujua ni cha nani. Sasa alimpa kila mtoto namba yake ya kudumu, isiyorithiwa na mtu, akafunga jina na chakula kwenye namba hiyo.

"Akipanda, apande na virago vyake," alisema.

Kisha akafuta shemeji wa juu, akafuta wa chini, akamfuta mama mkwe na kumrudisha, tena na tena, hadi mpishi akachoka kununa.

Jumatatu ukurasa ulianza kutumika, na katikati ya wiki mtoto mmoja alihama kweli. Mpishi alisimama jikoni, sufuria ya mchuzi wa karanga ikitokota nyuma yake, kidole kikisita juu ya kitufe cha kufuta. Akabonyeza. Majina yakapanda. Kidoti akapanda mstari mmoja, na karanga zikapanda naye.

Alipakua maharage, akampelekea kwa mkono wake mwenyewe.

"Mbona mimi sipewi mchuzi kama wenzangu?" Kidoti alilalamika.

"Kuna mtu anakulinda," mpishi alimwambia. "Na wala hajawahi kukuona."

Kidoti aliliona jibu hilo halina kichwa wala miguu, akala maharage yake.